Risasi Tatu Zilizopakwa Chokaa

Habari za kifo chake zilinifikia kazini, hapa Ibra, Uarabuni, asubuhi, kwa simu ya mezani ambayo siku nyingine huleta malalamiko ya vitabu vilivyochelewa kufika skuli. Aliyepiga alikuwa mwanawe mkubwa. Alianza na salamu zote kama tulivyolelewa, akauliza hali ya mama yangu, akauliza hali ya ndugu zangu, na mie nikajibu moja moja huku nikijua lipo jambo, maana mtu hapigi simu saa za kazi kuuliza mama wa mwenzake kaamkaje. Kisha akasema, "Baba ametangulia. Tunamzika adhuhuri." Ulikuwa moyo, akasema, alianguka uani akivaa viatu. Nilibaki na mkono wa simu sikioni baada ya yeye kukata. Nikatafuta dua na sikuipata upesi, kwa sababu kilichonijia mbele ya macho kilikuwa ni mkutano wa wanaume wenye bunduki wakinitazama, na mimi peke yangu nikijua jambo ambalo hawataki kuliamini.

Alikuwa bwana mifugo wa serikali. Wazee wake walitoka Sharqiyah, jimbo letu hili, wakaenda mpaka Tabora, yeye akazaliwa huko, akasomea huko, akarudi na watu wake mwanzoni mwa miaka ya sabini wakati nchi ilipofunguka na wenye elimu wakaitwa. Kazi yake ilikuwa kuzunguka na gari la pikapu lenye sanduku la barafu nyuma, akichanja mbuzi na ng'ombe kuanzia Mudhaibi mpaka vijiji vya milimani vya Dima wa Tayyin. Alikuwa mtu mzima, kwa umri ni ami yangu, na hivyo ndivyo nilivyomwita. Yeye aliniita Ustadhi, kwa kejeli, kwa sababu nilikuwa nimerudi kutoka chuo na cheti kikubwa na sikujua kubadilisha tairi. Mimi ni wa Unguja, niliondoka mdogo, na Kiswahili changu kilimchekesha kama chake kilivyonichekesha mimi. "Nyie watu wa Unguja," alikuwa akisema, "mnafikiri mpaka chai inapoa, halafu mnafikiri kwa nini imepoa." Nilikuwa nikicheka, kisha nikifika nyumbani nafikiri kama alikuwa akinitania au akinisema.

Kila Ijumaa baada ya alasiri alinichukua tukaenda kwenye wadi, bonde kavu la mto nje ya mji, yeye na saktoni yake. Saktoni ndilo jina wanaloliita huku bunduki ndogo ya risasi nyembamba, ile ambayo haina kishindo kikubwa, inayofaa kupigia makopo na mawe. Hakuwa akiwinda. Aliniambia wanyama anawaona wiki nzima na hana ugomvi nao. Alipenda kulenga tu, kutuliza pumzi, kufyatua, kisha kwenda kutazama. Na hilo kulenga ndilo lililokuwa limempa nafasi katika nchi hii. Sikukuu ya pili ya kila Idi wanaume wa mtaa mmoja hapa Ibra hujipanga mstari kushindana shabaha, na mstari ule si wa kila mtu. Ukoo unajulikana, baba wa mtu anajulikana, na aliyerudi juzi kutoka Afrika na Kiarabu cha kuokoteza husimama pembeni akapiga makofi. Yeye walimpa nafasi baada ya kumwona akipiga, na aliitunza nafasi ile kama wengine wanavyotunza hati ya shamba. Alijua nani anasimama kulia kwake na nani kushoto.

Halafu ng'ombe mmoja wa Al Qabil akamchapa mkia jichoni. Alikuwa ameinama nyuma yake akimtazama kiwele, na katika nywele za mkia ule palikuwa na mwiba wa mgunga uliojisokota humo. Aliumaliza uchunguzi, akamwachia mwenye ng'ombe dawa, akaaga kwa heshima, ndipo akaja kutapika nyuma ya pikapu. Alikwenda mpaka Nizwa kutazamwa. Jicho halikutoka, wala kwa nje halikubadilika sana, ila liliingia ukungu na ukungu haukuondoka. Lilikuwa jicho la kulia, jicho la kulengea. Aliniambia mimi tu, tena kwa sababu nilikuwa nimekaa naye garini akakwangua ukuta wa shamba upande wa kulia.

"Ami, basi waambie," nilimwambia. "Watakuelewa."

"Hilo ndilo baya," akasema. "Watanielewa. Wataniletea mto, wataniambia pumzika baba, kaa na wazee. Nikishakaa mara moja, Ustadhi, sisimami tena."

"Piga kwa bega la kushoto."

"Nimejaribu. Mkono huu wa kushoto unajua kushika mguu wa mbuzi tu. Na watu wote wataona nimehama bega, watauliza kwa nini. Mimi sitahama. Itahama bunduki."

Ndivyo ilivyoanza kazi iliyochukua kipupwe kizima kwenye banda la nyuma ya nyumba yake, na mie nikiwa mshika taa na mshika wasiwasi. Alitaka bunduki ikae bega la kulia kama zamani, lakini aone kwa jicho la kushoto. Aliifunga kwenye jiliwa akakitazama kitako chake siku nzima bila kukigusa. Kisha akachukua patasi na tupa, akakichimba upande wa shavu kiasi cha kichwa kuweza kuvuka juu ya ubao na kuangukia upande wa pili. Haikutosha, shingo ilimuuma. Akakata kitako chote, akachonga kingine kwa mti wa mkunazi, kilichopinda kidogo kama mkono unaomkaribisha mtu. Halafu akaja kwenye kile kinundu cha mbele na kile kipengo cha nyuma vya kulengea, ambavyo vilikuwa juu ya mtutu kama vya bunduki yoyote. Akavitoa, akavitengenezea vikono vidogo vya chuma, akavihamishia upande wa kushoto. Ukiitazama kwa mbele ilikuwa kama mtu aliyevaa kofia upande. Siku ya kwanza risasi zilikwenda kwenye kilima kingine kabisa. Akacheka mpaka akakaa chini, kisha akachukua tena tupa.

Sitaki msomaji afikiri kwamba alikuwa fundi wa miujiza. Alikosea sana, na mara moja alikosea vibaya. Alisema triga ni nzito, inamtikisa wakati wa kufyatua, akaikwangua, akaikwangua, mpaka ikawa nyepesi kupita kiasi. Alipoiweka bunduki mezani, taratibu kabisa, ikalia peke yake, na tangi la maji juu ya paa likaanza kumwaga. Mkewe alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Nani anapigana?" akauliza. "Hakuna," akajibu bwana mifugo, "tunachanja tangi." Mie sikucheka. Wiki nzima nilikuwa naisikia ile risasi ikipita mahali ambapo kichwa changu kilikuwa dakika moja kabla. Alirudisha uzito wa triga kwa springi ya kalamu ya wino, akaijaribu kwa kuigonga na kuitupa juu ya gunia bila risasi ndani, mara nyingi kuliko nilivyoweza kustahimili, ndipo akanitazama na kusema, "Umeridhika?" Sikuridhika. Lakini nadhani hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniuliza swali lile kwa nia ya kungojea jibu.

Nimelifikiria sana banda lile kila ninapowatazama watu wetu wa huku. Tuliorudi, wa bara na wa visiwani, tumejifunza kujikunja. Tumekunja ndimi zetu tuseme qaf ya Kiarabu mahali pake, tumejifunza kufunga kilemba mbele ya kioo, tumejifunza kunyamaza wanapozungumza wenyeji kuhusu babu zao na mafalaji yao, ile mifereji ya maji ya mashamba. Mdogo wangu mwenyewe ukimsemesha Kiswahili mbele ya wenziwe anajibu Kiarabu. Si vibaya, mgeni lazima ainame mlangoni. Ila tunainama hata mahali ambapo hakuna mlango. Yule bwana alikuwa mtu wa kwanza niliyemwona akikichonga kitu kimfuate yeye, badala ya kuivunja shingo yake akifuate kitu. Na bado, kama nitakavyoeleza, hata yeye hakusalimika.

Ikafika Idi. Mimi si mpigaji. Nilipewa kazi ya kukaa kwenye jiwe. Shabaha ya pale ni jiwe bapa lililosimamishwa kwenye ukingo wa wadi na kupakwa chokaa. Risasi ikigonga huacha doa la kijivu. Mtu mmoja hukaa pembeni nyuma ya mwamba mkubwa na ndoo ya chokaa. Kila mpigaji akimaliza risasi zake tatu, yule mtu hutoka, huhesabu madoa, hunyanyua kitambaa mara moja kwa kila risasi iliyoingia, kisha hupaka chokaa upya kwa ajili ya anayefuata. Kutoka kwenye mstari huwezi kujua mwenyewe, kwa sababu vumbi huruka hata ukikosa, na ngoma na nyimbo hazikuachii kusikia. Jiwe lenyewe limejaa vishimo vya miaka mingi. Kwa hiyo neno ni la mwenye ndoo. Lipo sharti moja tu: mtu akiingiza zote tatu, usipake. Mwenyeji wa shughuli, mzee wa ule mtaa, huja kwa miguu yake kuliona jiwe, na aliyezipiga hupewa kikombe cha kwanza cha kahawa mbele ya watu wote.

Nilikaa nyuma ya ule mwamba na nilikuwa naogopa mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, kwamba mtu mwenye jicho moja, na bunduki iliyochongwa bandani, atapiga upande wangu. La pili, kwamba hatapiga mahali popote, na itanibidi mimi, ninayempenda, nitoke nisinyanyue kitambaa hata mara moja. Niliwaza hata kama nitaweza kudanganya. Niliamua siwezi. Kisha nikawaza labda naweza. Wakati nawaza hayo nikachelewa kumpakia mtu jiwe, na mstari mzima ukapiga kelele, "Yaa Ustadhi, umelala?" Watu wakacheka. Basi nikaanza kufanya haraka kila kitu, maana mtu akinicheka mara moja mie husikia kicheko kile mchana kutwa.

Ilipofika zamu yake nilisikia milio mitatu, taratibu, yenye pumzi katikati. Nikatoka. Madoa matatu yalikuwa katikati ya jiwe, yamekaribiana hata ungeweza kuyafunika kwa kiganja kimoja. Nikanyanyua kitambaa mara tatu, juu, kwa furaha, na kabla sijapumua nikachovya brashi nikapaka. Mkono ulikwenda wenyewe. Chokaa ilikuwa imeshakwisha kuyafunika yote ndipo nilipokumbuka sharti, na nilipogeuka yule mzee alikuwa ameshateremka wadini anakuja na fimbo yake.

Alilitazama jiwe lililolowa. Akanitazama mimi. Akaniuliza kwa Kiarabu, "Ngapi?"

"Tatu, yaa shekhe."

"Zote?"

"Zote. Katikati."

"Umeziona kwa macho yako?"

"Naapa kwa…"

"Usiape!" Ilikuwa sauti ya bwana mifugo kutoka juu kidogo, maana alikuwa amemfuata mzee, kwa Kiswahili, kali sijawahi kuisikia. "Kwani tumeiba mbuzi?"

Mzee aligonga jiwe mara moja kwa fimbo yake. Kisha akanipiga begani polepole, akasema, "Mungu akulipe kheri, mwanangu," akarudi alikotoka. Kule juu niliona watu wakitazamana, mmoja akitabasamu ndani ya kilemba chake. Kikombe cha kwanza akapewa bwana mifugo. Walimpa kwa ukarimu, kwa maneno matamu, na hakuna aliyekuja kumuuliza amewezaje. Ungedhani amefanya jambo ambalo kila mtu amekubaliana kutoligusa.

Tulirudi kwenye pikapu. Yeye ndiye aliyeanza. "Umeona walivyonipa? Kama unavyompa mtoto peremende aache kulia."

"Wanafikiri tumepanga," nikasema. "Waswahili wawili, mmoja anapiga, mmoja anahesabu. Mimi ndiye niliyeharibu, Ami. Ile chokaa."

"Chokaa si kitu. Angekuwa mtu wao kwenye ndoo, angepaka chokaa mara kumi na wangemwamini."

Niliamini hivyo na yeye akaamini hivyo. Idi iliyofuata yule mzee alimtuma mtu kumwita. Akajibu ana kazi, kuna mbuzi wanaumwa Dima wa Tayyin. Idi nyingine ikawa hivyo hivyo, na nyingine tena. Mbuzi wale walikuwa wakiumwa kila sikukuu. Ijumaa tuliendelea kwenda wadini sisi wawili, naye alipiga vizuri kuliko alipokuwa na macho mawili, na hakukuwa na mtu wa kumwona ila mimi. Nafasi yake kwenye mstari haikuchukuliwa na yeyote, aliiacha mwenyewe.

Tulimzika, na wanaume wakakaa tanzia kwenye sabla, ule ukumbi wa mtaa ambao ndani yake mambo yote ya wanaume huanza na kwisha. Siku ya pili yule mzee mwenyeji aliingia ameshikwa mkono na mjukuu, akaja kukaa ubavuni pangu. Nilijikunja. Nilikuwa nimetunga hotuba ya kumwambia siku moja, nimeirekebisha mara nyingi, na sasa sikuikumbuka hata neno. Akanywa kahawa, akatikisa kikombe kuonyesha ametosheka, akaniinamia.

"Wewe ndiye uliyekuwa kwenye jiwe," akasema. "Siku ile ulinifurahisha sana."

Sikufahamu. Nikamwambia sikufahamu.

"Jicho lake," akasema. "Sisi tulilijua."

"Mlilijua vipi? Hakumwambia mtu."

"Ng'ombe alikuwa wa dada yangu! Unadhani mtu atachapwa jicho Al Qabil na Ibra wasijue kabla ya magharibi?" Akacheka kidogo, kisha akakumbuka tuko wapi. "Alikuwa na haya yule bwana, basi tukapatana asiambiwe. Aje asimame mahali pake, apige, akose, anywe kahawa na wenziwe. Ukaja wewe ukasema tatu, ukapaka chokaa upesi nisione. Nikasema moyoni, kijana huyu amebeba dhambi ya uongo ili mtu mzima asiaibike. Nikakuombea. Lakini yeye hakurudi tena. Nadhani alijua kwamba tumejua, akaona haya zaidi. Limenikaa kifuani siku zote hizi."

Naomba msomaji anielewe nilivyokaa pale. Miaka yote nilikuwa nimesoma katika uso wa mzee huyu neno moja, kwamba sisi si wa kuaminiwa, na kumbe uso ule ulikuwa unanisifu. Alinisifu kwa uongo ambao sikuusema. Nikiacha, ningeondoka na dua yake na marehemu angezikwa na huruma ya watu badala ya risasi zake tatu. Nikisema, ningemvunja mzee dhaifu, tena ndani ya tanzia, kwa kumwonyesha kwamba wema wake ndio uliomfukuza rafiki yake. Nilihesabu hasara za pande zote mbili kama ninavyofanya daima. Kahawa ikapita mara ya pili. Kisha nikaona kwamba mwenye haki hayupo wa kujisemea, na kwamba hakuna mwingine aliyeyaona yale madoa.

"Mzee wangu," nikasema, "sikusema uongo. Alizipiga."

"Kwa jicho lipi?"

Nikamweleza. Nikamweleza kitako cha mkunazi na vikono vya chuma, kinundu na kipengo vilivyohamishwa, kichwa kinachovuka ubao, triga na tangi la maji. Nilisema mengi, nadhani. Alinisikiliza mpaka mwisho na mkono wake juu ya fimbo. Halafu akamwambia mjukuu amnyanyue. Sabla nzima ikaweka vikombe chini, maana mzee kama yule hasimami bure.

"Jamaa," akasema kwa sauti ambayo sikujua bado anayo, "marehemu siku ile alizipiga zote tatu. Sisi tulimpa kikombe kwa huruma, na kilikuwa haki yake. Mungu atusamehe sisi, na amrehemu yeye."

Watu wakasema amina. Mmoja katika wapigaji wa zamani alijifunika uso kwa ncha ya kilemba. Mwanawe marehemu, aliyekuwa mlangoni akipokea wageni, alinitazama kutoka mbali, na safari hii sikujaribu kubuni anafikiri nini. Nilinyanyuka nikamwendea.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza nani alikosa, na sioni mkosaji. Wao walinyamaza kwa kumstahi, yeye alinyamaza kwa kujistahi, na mimi nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimeshajijibu. Kila mmoja wetu alikuwa na adabu nzuri. Mtu akapoteza watu wake kwa adabu hizo nzuri, Idi baada ya Idi, umbali wa mwendo mfupi wa gari. Sisi tuliorudi tuna desturi ya kukitafsiri kila kimya cha mwenyeji kuwa dharau, na wenyeji wana desturi ya kutuhurumia mahali ambapo hatukuomba, na katikati hapo hapana anayeuliza, kwa kuwa kuuliza tunakuona ni utovu wa heshima. Mie sina la kuwafundisha wakubwa zangu. Najua tu kwamba swali moja siku ile, mbele ya lile jiwe lililolowa, lingetosha. Basi nimeanza kuuliza watu, kazini na nyumbani, umenitazama hivyo kwa nini, kuna neno? Naogopa kila mara, na wengine hukasirika. Lakini nauliza, tena nauliza wangali wazima.